Vigingi Kilimani Busikilo

Ngokolo, Shinyanga
9 Februari 2025

Otmar, wamemchagua Asteria! Asteria wangu ndiye atakayewafundisha walimu wa historia wa Shinyanga na Geita namna ya kufundisha historia yetu sisi wenyewe, na somo la kwanza halitafanyika ukumbini. Litafanyika kwetu, kilimani Busikilo, mbele ya matanuru ya babu ya kuyeyushia chuma. Rudia kusoma, mdogo wangu, mimi nakungoja hapa chini.

Haya, sasa tusalimiane. Hamjambo wote? Wifi yangu Monika anaendeleaje na mgongo? Wiliam wenu bado yuko machimboni Mwakitolyo au ameshakumbuka kwao? Sisi huku wazima. Mvua imetunyima, mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama kama yameshtuka, lakini kuku wanataga. Simu nimekupigia mpaka yule dada wa mtandao anayesema haupatikani nimemzoea kama mkwe. Ndiyo maana naandika. Barua anaichukua jirani yangu Paskazia, anayefuata mchele Kagongwa, na huko atamkabidhi kondakta wa basi la Ushirombo.

Otmar, wewe unajua nilivyochekwa. Asteria alipofaulu kidato cha sita kila mtu alikuja na ushauri wake. Asome sheria. Asome uhasibu. Mtoto akasema historia. Nyamizi wa mlango wa pili akaniuliza mbele za watu, "Mayu, mama Asteria, hiyo historia inaliwa na mboga gani?" Leo nimemgongea kabla hajanawa uso, nikamwambia, "Inaliwa na kuku, mama, na wewe umekaribishwa."

Tangu ameanza kazi, mkoba wake umejaa mavi ya chuma. Yale mabonge meusi mazito waliyoyaacha wazee baada ya kuyeyusha, ndiyo aliyokuwa akibeba kutoka shule moja hadi nyingine, Kahama, Msalala, hadi huku, ili watoto wa watu wayashike kwa mikono yao. Mikoba inakatika, ananunua mingine. Wenzake likizo wanajenga, yeye likizo anakaa na vikongwe anawarekodi. Nyumba hana. Habari za mume tusiziguse. Lakini leo nani anaitwa kufundisha walimu? Wao au yeye? Na amezaliwa na nani? Na mimi Serafina, darasa la saba!

Sasa ombi langu. Wewe ndiye unayekaa na kilima. Kifyeke, ng'ombe wasipande juu, watoto wasikalie matanuru. Asteria atakuja na vijana wawili wa chuo kupima. Wapokeeni vizuri.

Dada yako,
Serafina

*

Busikilo, Ushirombo
16 Machi 2025

Kwa dada Serafina,

Shikamoo dada. Barua yako imefika imekunjamana, inanuka pumba za mchele. Nadhani imelala Kagongwa siku nyingi. Hongera sana kwa mtoto. Monika anaitikia salamu, mgongo unamsumbua wakati wa kupalilia tu. Mpunga si mbaya. Wiliam bado yuko Mwakitolyo, anasema wiki ijayo, na wiki ijayo yake unaijua.

Asteria alifika na wale vijana. Nilichinja jogoo. Walikaa siku mbili kilimani. Dada, sikujua kwamba kupima ni vile. Walichoma vigingi vya chuma kuzunguka matanuru yote, wakavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, wakawa na kimashine kinacholia, wakatia udongo kwenye vifuko vya nailoni na kuandika namba juu yake.

Watu walijaa chini ya kilima, wamekaa kama wanaangalia mpira. Masalu, huyu jirani yangu mwenye mdomo, akapaza sauti, "Mzee Otmar, fungasha mapema, safari hii wanakupeleka wapi?" Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilimwendea Asteria pembeni. Nikamuuliza, "Mwanangu, huo udongo mnaupeleka wapi?" Akasema maabara. Nikamuuliza, "Mnatafuta nini?" Akanishika bega, akacheka, akasema, "Ni utafiti tu, mjomba. Usiwe na wasiwasi."

Wameondoka na vigingi wameviacha, wanasema wasije wakapoteza vipimo. Kila siku kuna mtu ananiuliza. Dada, wewe ni mkubwa wangu, baba na mama hawapo, hapana mwingine wa kumuuliza. Niambie ukweli. Chini ya kile kilima kuna nini?

Ndimi mdogo wako,
Otmar

*

Ngokolo, Shinyanga
30 Machi 2025

Otmar mdogo wangu,

Marahaba, na wasalimie wote. Huku mvua imekuja kwa kuchelewa, imekuja na hasira, imebomoa choo cha Nyamizi. Mimi nimeshona gauni la siku hiyo. Fundi amenipunja kitambaa lakini limenikaa. Jumuiya yetu nzima imeomba kuja, tutajaza basi la Kosta. Nimeshawaambia kwamba kwetu wazee waliyeyusha chuma wakafua majembe, na hayo majembe ndiyo yaliyotolewa mahari huku Usukuma kabla pesa haijajulikana. Mama mmoja akabisha. Nikamwambia, "Bibi yako aliolewa kwa jembe la babu yangu, kaa chini."

Swali lako limenichekesha mpaka nikamsomea Paskazia. Chini ya kilima kuna nini! Kuna kilima. Nani atachimba mavi ya chuma? Wewe umekulia juu yake, ulikuwa unateleza pale na magome ya mgomba hadi baba akakuchapa.

Au umesahau Asteria alivyoanza? Alikuwa darasa la nne, amekuja kwenu likizo, kipindupindu kikafunga njia, akasomea huko muhula mzima. Mwalimu akafundisha kwamba chuma kililetwa na wageni waliokuja na meli. Asteria akanyoosha mkono akasema kwao kuna matanuru. Akapigwa kofi la uongo. Alirudi na shavu kama andazi. Kesho yake baba alichukua jembe la zamani, lile la umbo la moyo lililofuliwa na baba yake, akatembea nalo hadi shuleni, akaliweka juu ya meza ya mwalimu mbele ya darasa, akageuka akarudi kulima. Asteria ananiambia ualimu wake ulianzia hapo, kwa sababu mzee hakuwa na maneno ya kueleza, na yule mwenye maneno hakuwa anajua. Akasema yeye atakuwa na vyote viwili.

Mtoto wa namna hiyo ndiye unayemuuliza anatafuta nini? Acha kusikiliza akina Masalu. Fyeka kilima.

Dada yako,
Serafina

*

Busikilo
25 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilinibana. Sisi hatujambo. Monika hajambo. Mpunga tumevuna. Wiliam amerudi kutoka Mwakitolyo pamoja na wenzake wanne, wanakaa hapa hapa nyumbani, vijana wazuri, wana heshima.

Ile mikaratusi ya nyuma ya nyumba ya baba nimeikata yote. Ilikuwa imezeeka.

Kuhusu kilima usiwe na shaka, kilima kipo palepale. Ila nilikuwa naomba hiyo sherehe isogezwe hadi mwakani. Barabara ni mbaya.

Asteria anasemaje?

Otmar

*

Ngokolo, Shinyanga
8 Juni 2025

Otmar,

Hatujambo.

Wiliam amerudi kutoka machimboni na wenzake wanne, na wewe umekata mikaratusi yote. Mimi nimezaliwa Ushirombo, nimeolewa Shinyanga, nimeuza chakula Mwakitolyo mwaka mzima kumlipia huyu mtoto ada. Unafikiri sijui mikaratusi inakwenda wapi? Inakwenda ndani ya duara. Inakwenda kuzuia kuta za shimo la dhahabu zisiwaangukie waliomo. Hata mwizi wa kuku angefikiria uongo mzuri kuliko "ilikuwa imezeeka". Baba aliipanda mwaka niliopata kipaimara.

Na barabara. Barabara imeanza lini kukusumbua wewe?

Nimemtuma Paskazia. Alikwenda mwenyewe na basi, akamdanganya Monika kwamba anatafuta mchele. Amerudi jana. Alikaa kwenye kochi langu akavua kilemba, akasema, "Mama Asteria, kwanza unipe maji." Nikajua.

Ameniambia kuna turubai la bluu juu ya kilima. Ameniambia duara liko katikati, pale pale penye vigingi, na udongo wake umemwagwa juu ya matanuru, na yale mabomba ya udongo waliyopulizia moto wazee yamevunjwavunjwa yamewekwa njiani ili miguu isiteleze. Ameniambia wewe mwenyewe ulikuwa umekaa mdomoni mwa shimo unavuta kamba.

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Otmar, nimemaliza jumuiya nzima kwa majivuno. Lakini hilo niache nalo mwenyewe. Niambie wewe, ulikosa nini? Njaa? Ungesema. Ada? Ungesema, Asteria huyo huyo ndiye aliyemsomesha Wiliam mpaka alipokataa mwenyewe. Umemfanyia hivi mtoto uliyembeba mgongoni.

Niandikie. Na usiniulize tena Asteria anasemaje.

Serafina

*

Busikilo
22 Juni 2025

Kwa dada yangu Serafina,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini shikamoo.

Unaniuliza nilikosa nini. Wewe ulikuwa Shinyanga wakati sisi tunahamishwa kutoka kule bondeni kupisha mgodi wa kampuni. Ulikuja kwenye mazishi ya mama, ukaja tena siku ya kuhamisha mifupa yake, siku hizo mbili. Katikati hukuwepo. Acha nikwambie ya katikati.

Walikuja vijana watatu wa kampuni, wasafi, wapole. Walinisalimia shikamoo. Walichoma vigingi vya chuma kwenye pamba yangu, wakavuta kamba, wakatia udongo kwenye vifuko vya nailoni, wakaandika namba. Nikawachinjia jogoo. Nikawauliza mnatafuta nini. Mmoja akanishika bega, akacheka, akasema, "Ni utafiti tu, mzee. Usiwe na wasiwasi." Baada ya mvua mbili nilikuwa nimeshika mkono wa mama yetu, mfupa mtupu, naufunga kwenye shuka jipya, na mtu wa kampuni amesimama pembeni anaangalia saa.

Fidia tuliyopewa haikutosha hata kuezeka. Nilipolalamika wakaniambia ardhi ya juu ni yangu, ya chini ni ya mwenye leseni.

Sasa Asteria anakuja na vigingi vile vile na maneno yale yale. Dada, nilimtazama usoni nikamtafuta yule mtoto, nikamwona yule kijana wa kampuni. Mimi sikusoma. Mimi ninachojua ni kwamba hapa kwetu msomi akichukua udongo, mwenye udongo anaondoka. Nikakuuliza wewe. Ukanicheka na Paskazia.

Kijiji kizima kilikuwa na uhakika. Masalu alikuwa ameshaita watu wa Lunzewe waje wachimbe usiku. Nikaona kama kuna kitu chini, wa leseni wakija watukute sisi wenyewe tumo shimoni, tuwe na la kudai. Nikamwita Wiliam. Vijana wakaja na nyundo na moko, zile patasi zao za chuma, wakapasua mwamba mpaka vidole vikatoka damu.

Hakuna kitu. Tumepeleka mawe kusagwa mara tatu, limetoka vumbi jekundu. Ni chuma, dada. Ni chuma peke yake, kama baba alivyosema siku zote.

Vijana wameondoka. Turubai nimelitoa. Matanuru yalikuwa saba, limebaki moja, nalo upande mmoja. Jioni nafukua taratibu na kijembe cha bustani, Monika anasema nimechanganyikiwa.

Nafikiria kulifukia lile duara kabla hamjaja, tupande majani juu yake, tuseme mvua iliharibu. Walimu hawatajua. Wewe hutaaibika.

Najua umenikataza kuuliza. Nauliza. Asteria anasemaje?

Otmar

*

Ngokolo, Shinyanga
13 Julai 2025

Otmar,

Marahaba. Umeipata, lakini usiizoee.

Nyumbani hatujambo. Nyamizi amejenga choo kipya na amemwalika kila mtu akione. Monika nimempelekea dawa ya kuchua, iko kwenye mfuko huu huu pamoja na barua, asimpe Masalu hata tone.

Nilimsomea Asteria barua yako yote, kuanzia shikamoo. Nilikuwa nimejipanga kuiruka ile ya mama, sikuweza kuiruka. Sikukwambia kwamba alishakuja huko. Alikuja Juni, siku ya soko, alipitia upande wa nyuma, akamwona Wiliam na wenzake, hakumsalimia mtu. Alirudi na mkoba umejaa vigae vya yale mabomba yaliyovunjwa. Alivimwaga sebuleni kwangu juu ya mkeka akawa anaviosha kimoja kimoja kwa mswaki. Nikamwambia, "Lia, mwanangu, hapa ni kwenu." Akasema, "Mama, nipishe, unanizibia mwanga." Basi.

Nilipomaliza kusoma barua yako akacheka, Otmar, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena ndani ya nyumba yangu. Akasema, "Miaka yote hii nawafundisha watoto wa watu jinsi wazee wao walivyonyang'anywa ardhi. Halafu naenda kwa mjomba wangu mwenyewe na vigingi na kamba."

Nikamwambia, "Wewe huna kosa, kosa ni lake."

Akasema, "Alikuuliza, mama. Ulimjibu nini?"

Mimi nimemzaa, lakini siku hiyo nilitoka nje nikaenda kuangalia kuku.

Niliporudi nikamwambia tuahirishe. Nikamwambia wazo lako la kupanda majani si baya sana, mimi nitajua cha kuwaambia jumuiya. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama aliyeibia mtihani.

"Walimu watakuja," akasema.

"Waje waone nini?"

"Waone shimo."

"Utawaambia nini juu ya shimo?"

"Nani alijenga, nani alibomoa, na kwa nini. Historia ndiyo hiyo. Nilikuwa nimewaandalia nusu."

"Utamtaja mjomba wako?"

"Mjomba atajitaja mwenyewe. Ataeleza habari za bondeni na mifupa ya bibi, halafu ataeleza duara. Nani mwingine anaweza?"

Nikamwambia atakuua kwa aibu. Akasema usipofika atafundisha mwenyewe, lakini atawaambia walimu kwamba aliyepaswa kusimama pale yupo hai na nyumba yake ni ile pale.

Ukiniuliza mimi, Otmar, ningekufungia nje siku hiyo. Sitakudanganya kwamba nimesamehe. Nilitaka watu wamwone mtoto wangu amesimama mbele ya matanuru saba, ana chaki, ana haki yake. Nimeingoja siku hiyo tangu shavu lile. Wewe umenipa shimo, na mimi nitalikalia mbele nikiwa na gauni jipya, na Nyamizi pembeni yangu anahesabu. Nilifikiria kumwambia kwamba Kosta imejaa. Nimeona hapana, aje. Kama nilijivuna mbele yake, acha na hili alione.

Barua hii nimeinyima mapambo kwa sababu ina maagizo, na mara nyingine ukipata maneno mengi unapata pa kujificha. Duara usilifukie. Lizungushie miiba watu wasije wakatumbukia. Udongo usiuguse tena na hicho kijembe, Asteria anasema unaharibu zaidi. Mwambie Wiliam awepo, na hao wenzake akiwapata. Vigingi vilivyobaki msiving'oe. Monika apike wali, sisi tutakuja na kuku kumi. Tafuta shati safi, ufanye mazoezi ya kusema ukiwa umesimama, maana najua sauti yako inavyokukimbia mbele za watu.

Jumamosi tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi, kilimani. Tunakuja wote: walimu, jumuiya, Paskazia, Nyamizi, mimi na Asteria. Tukukute umeshasimama.

Dada yako,
Serafina